Siku Nilipochovya Debe Kwenye Chemchemi

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikikaa peke yangu naikumbuka. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano. Sina hakika, maana siku hizo hakuna aliyetuandika tulipozaliwa. Najua tu kwamba Wazungu walikuwa wameshafyeka msitu upande wa juu na kupanda chai, na chai yenyewe ilikuwa bado fupi, haijanifika kiunoni. Sisi tulikaa upande wa Boito, kwenye mteremko, na kutoka mlangoni kwetu uliyaona mashamba yale yote.

Niliishi na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita Kogo. Mama alikuwa na wadogo zangu wengi, basi mimi nikapelekwa kwa Kogo nimsaidie kazi. Nakwambia ukweli, sikumsaidia sana. Nilipenda kujitazama. Maji yakitulia kwenye chombo, mimi ndani. Bati likimetameta mahali, mimi mbele yake. Usicheke, wewe mwenye simu ambayo kazi yake ni kukupiga picha wewe mwenyewe kutwa nzima. Tofauti yetu ni vyombo tu.

Maji ya kunywa tulichota mahali palipoitwa Jiwe Jeupe. Miamba ya kwetu mingi ni myeusi na migumu, lakini pale, chini ya miti mikubwa, kulikuwa na mwamba mweupe, laini, wa kuparuka kwa ukucha kama chokaa. Maji yalitoka kwenye ufa wake, yakakusanyika ndani ya bakuli ambalo yalikuwa yamejichimbia yenyewe kwenye jiwe, kisha yakamwagika pembeni na kuteremka mtoni. Yalikuwa baridi ya kuuma meno. Mtu aliyetoka mbali aliyanywa kwanza ndipo akasalimia.

Na kulikuwa na utaratibu wake. Chombo chako hakikugusa jicho la maji, hata kama ulikiosha mara kumi. Palikuwa na kibuyu kimoja kilichokatwa nusu, cha watu wote, kilichotundikwa kwenye tawi. Hicho peke yake ndicho kilichoingia majini. Ulichota kwa hicho, ukamimina kwenye chombo chako kilichokaa kando kwenye majani, kidogo kidogo, mpaka kikajaa. Mwenye mtoto mchanga alipishwa mbele. Ukimaliza, ulisuuza kibuyu ukakirudisha kwenye tawi. Hakukuwa na mlinzi wala askari. Utaratibu huo ulikuwa wa zamani kuliko Kogo, na Kogo alikuwa mzee.

Sasa nikuambie habari ya debe. Kaka yangu, Kipngeno, alikuwa amepata kazi kwenye stoo ya shamba la chai. Mafuta ya taa ya Wazungu yalikuja kwenye madebe ya bati, na debe likiisha mafuta, watu waligombania kulichukua. Wenyeji tulikuwa bado tunabeba maji kwa vibuyu vikubwa mgongoni, kwa mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Madebe tuliyaona kwa wanawake wa kambi tu, wake za wafanyakazi waliotoka upande wa ziwa na upande wa Kisii. Siku moja Kipngeno akaniletea langu. Alikuwa amelikata juu vizuri na kulipigilia kipande cha mti cha kushikia.

"Cherono," akaniambia, "hili lichome kwanza na moto mkali. Halafu usugue na majivu, siku mbili, tatu. Mafuta ya taa hayatoki kwa maji."

Nikasema ndiyo, nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli. Lakini debe lile lilikuwa jipya, linang'aa, na ubavuni nilijiona uso mzima mpaka meno. Nikichoma na moto litakuwa jeusi kama yale ya kambini. Nani atageuka kuliangalia? Basi nikalisuuza kwa maji kidogo nyuma ya nyumba, nikalifuta kwa majani, nikalificha Kogo asilione. Kogo alikuwa ameshasema kwamba vyombo vya mafuta havitakanyaga Jiwe Jeupe yeye akiwa hai.

Alfajiri iliyofuata nikatoka kabla yake. Mpango wangu ulikuwa hivi: nifike wa kwanza, nijaze debe, nisimame nalo pale njiani kana kwamba napumzika, ili wasichana wenzangu wakija wanikute. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu kubwa duniani siku ile.

Nikaanza vizuri, kwa kibuyu cha watu wote. Nikachota mara kumi, mara kumi na tano, debe halijafika hata nusu. Debe linakula maji, mwanangu. Jua likaanza kupenya kwenye miti, nikasikia sauti mbali, nikaona wenzangu watanikuta bado nimeinama kama mtu anayepalilia. Nikatazama huku na huku. Nikalishika debe kwa mikono miwili, nikalizamisha lote ndani ya jicho la maji.

Lilijaa mara moja. Nikalivuta, nikaliweka kando, nikageuka kutazama bakuli la jiwe. Juu ya maji palikuwa na rangi: zambarau, kijani, dhahabu, zinajikunja na kutembea. Utaniamini nikikuambia kwamba kwanza nilidhani ni kitu kizuri? Nilisimama pale nikashangaa urembo wake. Kisha harufu ikanifika puani.

Niliingiza mkono nikavuruga, nikidhani mafuta yatapotea. Yakaenea. Nikachota kwa kibuyu nikamwaga, na kibuyu nacho kikashika mafuta. Zile sauti zikawa karibu. Nikafunga mkanda wa ngozi kwenye debe, nikalitupa mgongoni, nikakimbia kwa njia ya vichakani, maji yakinimwagikia mgongoni na kwenye mkanda. Mbele kidogo nikayamwaga yote, nikalisukuma debe chini ya kichaka, nikarudi nyumbani nikiwa nimelowa. Kogo alikuwa anachochea moto.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Nimeanguka," nikasema.

Akanitazama kidogo, akanipa kibuyu. "Basi rudi."

Nikarudi. Ningefanya nini? Nilipofika, wanawake saba au wanane walikuwa wamesimama kuzunguka maji bila kuchota. Mbele yao alikuwa Bot Kiprono, yaani mama wa Kiprono, jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye kila jambo la pale lilipitia kwake. Alionja maji kwa ncha ya ulimi akatema. Ndama wa mtu, aliyekuwa ameletwa kunywa chini pale maji yanapomwagika, alinusa akarudi nyuma.

"Mafuta ya taa," Bot Kiprono akasema. "Nani hapa ana debe?"

Kila mtu alikuwa na kibuyu chake, na mimi nilikuwa na changu. Nilisimama nyuma kabisa. Na ndipo, kama vile ameitwa, Mama Akinyi akatokea njiani akiwa na debe lake jeusi kichwani na mtoto wake amefungwa mgongoni.

Nikueleze huyu ni nani. Mama Akinyi alikuwa Mjaluo, mke wa mtu aliyepogoa chai kule shambani, na alikuwa hajamaliza hata mwaka kambini. Kipsigis hakujua zaidi ya salamu. Lakini kila tulipokutana majini alinisalimia, akaniuliza nyanya yangu ameamkaje, akanicheka jinsi nilivyotunga shanga zangu. Na kulikuwa na jambo lingine nililolijua vizuri: debe lake lilikuwa jeusi kwa sababu alilichoma. Alilichoma mpaka mafuta yakaisha, akalisugua na mchanga. Na hata hivyo hakulichovya hata siku moja. Aliliacha njiani, hatua nyingi kutoka majini, akaja na kibuyu chake kidogo, akamimina kwanza kutoka kibuyu cha watu wote mpaka chake, ndipo akapeleka debeni. Pale Jiwe Jeupe hakukuwa na mtu aliyefuata utaratibu wetu kumshinda yeye mgeni.

Bot Kiprono alimwendea na Kiswahili chetu cha kuokota.

"Wewe! Wewe natia debe kwa maji. Ona! Ona mafuta!"

Mama Akinyi akaweka debe chini, akaja akatazama, akashika mdomo. "Aa-aa, mama. Si mimi. Mimi leo ndio nafika sasa hivi."

"Nani ingine iko na debe? Sisi hapana iko na debe hapa. Nyinyi watu ya kambi, nyinyi naharibu. Toka. Usikanyage hapa tena."

"Mama, na mtoto je? Maji ya mto ni mbaya. Watu nafua huko, ng'ombe naingia."

"Peleka debe yako huko kwa mto."

Mama Akinyi aliwatazama wanawake wote, mmoja mmoja. Akafika kwangu. Macho yake yalikaa kwangu kitambo kidogo, kisha akayaondoa. Akainama, akajitwika debe tupu, akarudi alikotoka.

Na mimi, mwanangu, sikusema kitu. Mdomo wangu uliokuwa hodari wa kuimba na kusengenya ulifungwa. Nilijiambia nitasema kesho. Nikajiambia pia kwamba yeye ni mtu mzima, atapata maji mahali pengine. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu, na zote huonekana nzuri.

Yale maji hayakusafika. Tulidhani yatajisafisha kwa siku moja, kwa vile yanatiririka, lakini lile jiwe laini lilikuwa limeyanywa mafuta. Juu maji yalionekana safi, ukiinama unasikia harufu. Basi watu wa kwetu tukawa tunakwenda chemchemi nyingine, ng'ambo ya bonde. Ulitoka jua linachomoza ukarudi limepanda. Wenyewe wa kule walitupokea kwa sababu tulikuwa ukoo mmoja. Mwanamke wa kambini asingepokelewa, na nadhani hakujaribu.

Siku ya nne Kipngeno akaja kututembelea. Akala ugali wake, akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mtoto wa yule mama Mjaluo anaharisha siku ya pili sasa, ni kwa sababu ya maji ya mtoni, na pale kambini hawajui kama ataamka.

Nilikuwa nimeshika bakuli. Nikaliweka chini taratibu. Kogo alisimama, akaenda ukutani ulipokuwa umetundikwa mkanda wangu wa ngozi, akautoa, akauweka puani. Ngozi haisahau harufu upesi. Alikaa nao hivyo, ananipa mgongo, kisha akautundika tena.

"Kesho tutakwenda kumwona mtoto," akasema. "Wewe utabeba maji. Mimi nitabeba maziwa."

Tulikwenda ng'ambo ya bonde kwanza, nikajaza kibuyu, ndipo tukapanda kambini. Nyumba zao zilikuwa zimepangwa mstari, za nyasi, karibu karibu, moshi unatoka kila mlango. Mama Akinyi alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani. Akinyi alikuwa wa miezi saba au minane, mtoto mnene ambaye majini alikuwa ananivuta shanga. Siku ile macho yake yalikuwa yameingia ndani na hakunyosha mkono. Midomo ilikuwa imekauka.

Unajua Mama Akinyi alifanya nini alipotuona? Alisimama kutafuta kigoda. Mtoto yuko katika hali ile na yeye anatafuta kigoda, Kogo asikae chini. Kisha akaniambia, "Karibu, nyathina." Kwa lugha yao maana yake ni mtoto wangu.

Kogo alimpa maji. Akamwambia kwa Kiswahili chake kigumu, na mikono ikisaidia, achemshe, atie chumvi kidogo sana, ampe mtoto kidogo kidogo, asichoke, hata akitapika ampe tena. Na yale maziwa anywe yeye mwenyewe, ili ziwa lisikauke. Mama Akinyi akawasha moto palepale.

"Mama," akamwambia Kogo, "mimi sikuharibu maji yenu. Mimi najua maji. Hata kwetu iko chemchemi."

Kogo akanigeukia, akanitazama. Akangoja. Nilisikia maji yakianza kuchemka kwenye chungu. Nilifungua mdomo, mwanangu, nakuapia nilifungua, na kilichotoka ni, "Kogo, jua linapanda."

Tukaondoka. Tulipofika katikati ya njia, Kogo akakaa chini kwenye ukingo. Nilidhani amechoka. Hakuwa amechoka.

"Nilikupa mlango," akasema. "Nilikuchukua mpaka pale, nikakufungulia. Ukaniambia habari ya jua."

Nikaanza kulia.

"Usinililie mimi. Unafikiri nimeudhika kwa ajili ya debe? Debe ni ujinga wa msichana. Mimi nilipokuwa kama wewe niliwahi kuunguza ghala la wimbi nikichoma viazi, na watu walinipiga, tukaendelea kuishi. Mafuta yatatoka kwenye jiwe. Lakini tangu siku ile, kila kikombe cha maji machafu anachokunywa yule mtoto, wewe ndiye unayemnywesha. Bot Kiprono alimfukuza mara moja. Wewe unamfukuza kila asubuhi unapoamka na kunyamaza."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia kelele. Akanishika mkono nimsaidie kusimama, akaushikilia njia nzima mpaka nyumbani. Kogo wangu alikuwa na viganja vigumu kama kwato, na siku ile sikutaka auachie mkono wangu. Nilimpenda sana yule mwanamke.

"Utasema mwenyewe?" akaniuliza tulipofika mlangoni.

"Nitasema."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho ulishaitumia mara nne," akasema. "Wanawake wako Jiwe Jeupe sasa hivi, wanaangalia kama maji yamepona. Twende."

Kwetu mtu anayeomba amani hung'oa nyasi akazishika mkononi. Anayekuona na nyasi hawezi kukupiga kabla hajakusikiliza. Basi njiani niling'oa nyasi, nyingi kupita kiasi, mikono yote miwili, mpaka Kogo akaniuliza kama ninataka kulisha ng'ombe. Nikacheka na machozi yananitoka.

Walikuwepo wote. Bot Kiprono aliniona nimeshika nyasi, akakunja uso. "Huyu mtoto ana nini?"

"Ni mimi," nikasema. "Debe lilikuwa langu. Kaka yangu aliniletea, sikulichoma. Nililitumbukiza majini, nikakimbia. Yule mama hakufanya kitu. Mtoto wake ni mgonjwa, na ni kwa sababu yangu."

Nilisema haraka hivyo, bila kupumua. Nilidhani watanirukia. Wengine walianza kupiga kelele, mmoja akavunja kijiti cha kunichapa. Lakini Bot Kiprono hakupiga kelele. Alikaa chini polepole kwenye lile jiwe, yule mwanamke mrefu, akafunika uso.

"Nilimfukuza mtu mwenye mtoto mgongoni," akasema. "Kwenye maji."

Hakuna jambo baya kama hilo kwetu. Mwenye mtoto ndiye anayepishwa. Mpaka siku ile nilikuwa nafikiri kosa langu limeharibu maji tu. Sikujua kwamba limemfanya mwanamke mwema atende jambo ambalo angelijutia mpaka mwisho wa maisha yake. Alinisamehe mimi kabla ya wiki kwisha. Yeye mwenyewe hakujisamehe upesi.

Alipoinuka, akang'oa nyasi zake. Wengine nao wakang'oa. Tukapanda kambini wanawake kumi na moja, Bot Kiprono mbele, watu wa kambi wakatoka milangoni wakidhani ni vita. Alipofika kwa Mama Akinyi alimnyoshea zile nyasi kwa mikono miwili. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha kwa jambo lile. Alisema tu, "Mama Akinyi. Mimi nakosa. Mimi nakosa kabisa. Maji ni yako."

Mama Akinyi hakujua maana ya nyasi, lakini alimwelewa. Alizipokea.

Tulichota chemchemi ile mpaka chini, siku mbili, kwa zamu. Tukaikausha, ikajaa, tukaikausha tena. Kogo alitoka na shoka dogo, tukabandua lile tabaka la juu la jiwe lililonyonya mafuta, mimi nikibeba vipande kwenda kuvitupa mbali na maji. Adhabu yangu waliyoniamulia ni kumpelekea Mama Akinyi maji kutoka ng'ambo ya bonde kila siku mpaka Jiwe Jeupe lipone. Nikaambiwa nibebe kwa kibuyu. Nilibeba mwezi mzima, na nakuambia, haikuwa adhabu. Nilimwona Akinyi siku aliyonyosha tena mkono akanivuta shanga. Uzi ukakatika, shanga zikatawanyika kwenye majivu, nikazipenda zaidi pale majivuni.

Siku hiyohiyo ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba msamaha kwa mdomo wangu. Tulikuwa peke yetu. Alikuwa anapepeta wimbi. Nikasema nimemkosea, na nilipaswa kusema asubuhi ileile.

Hakuacha kupepeta. "Mimi nilikuona," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile. Mimi niko kwa vichaka naokota kuni kwanza, nakuona unapita mbio na debe kwa mgongo. Nasikia harufu. Nilijua ni wewe kabla sijafika kwa maji."

"Ulijua?" nikasema. "Na mama yule akakufukuza! Mbona hukusema?"

"Nani angeamini mimi? Mgeni aseme mtoto wa wenyewe ndio ameharibu?" Akapuliza makapi. "Halafu nikaona uso yako kule nyuma. Nikasema, huyu ni msichana mzuri, anaogopa tu. Atasema mwenyewe. Nikangoja."

"Hata Akinyi alipougua?"

Hapo ndipo alipoacha kupepeta. "Siku ile mlikuja na kogo yako, nilisema kama hasemi leo, kesho nitapiga nduru mimi mwenyewe mpaka mlima isikie. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya mtoto." Kisha akaniwekea ungo mapajani nimsaidie, na hatukulizungumza tena.

Nimeishi miaka mingi, mwanangu, nimezaa, nimezika, nimeona mashamba yale ya chai yakibadilisha wenyewe. Lakini kila nikitaka kunyamaza mahali nisipostahili kunyamaza, namwona yule mama ameniangalia katikati ya watu wanane, anajua, anangoja, na mtoto wake mgongoni ana kiu.

Sasa nisikilize, nikuambie wazi. Utakosea. Sikuombei usikosee, maana huo ungekuwa uongo, na wewe ni mjukuu wangu, umechukua kujitazama kwangu na haraka yangu. Ukikosea, sema siku ileile, kabla mtu mwingine hajabebeshwa. Kosa likiwa bado lako ni dogo, unaweza kulibeba hata wewe peke yako. Ukiliacha litembee litampata mtu asiye na wa kumtetea: mgeni, msaidizi wa nyumbani, mwenzako wa kazini ambaye lugha haijamkaa. Huyo ndiye watu humwangukia kwanza, na wewe unajua hilo, ndiyo maana kunyamaza kunakuwa rahisi. Na ukiona watu wamekubaliana haraka kwamba mkosaji ni fulani aliyetoka mbali, wewe uliza tena. Usiogope kuuliza ukiwa peke yako. Usidhani pia kwamba hakuna aliyekuona. Mara nyingi yupo, na anakupenda kiasi cha kukungoja. Usimchoshe.

Haya, sogea hapa, inamisha kichwa. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema "ni mimi". Akupe watu watakaokushika mkono njiani mkirudi, kama nilivyoshikwa. Nyumba yako isikose maji, na mwenye mtoto mgongoni asifukuzwe mlangoni kwako. Uzae, ulee, uzeeke, na ukifika umri wangu uwe na la kumwambia mtoto wa mtoto wako bila kumficha neno. Nenda, mama yangu mdogo. Nenda salama.